Ndoo Kando ya Kitanda

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu zote, za mkono na za moyo. Natumaini u mzima, na shemeji hajambo pamoja na greda lake, na kambi nzima ya barabara inakula ikashiba. Sisi huku wazima. Mama mkwe magoti yanamsumbua kila asubuhi, lakini sauti haijambo kabisa. Nimeona nikuandikie kuliko kupiga simu, maana huko kwenu mtandao mpaka mtu apande kichuguu, na huku kwetu ukuta ni mwembamba. Ukipiga chafya chumbani, mama mkwe anakutakia afya akiwa jikoni.

Dada, ndoa ni tamu. Najua unacheka, cheka tu. Mume wangu akirudi kutoka yadi ya makontena na vumbi lake la winchi, mimi naona amenawa maziwa. Juzi nilikuwa nimelala, akanivua viatu taratibu nisiamke, na mimi nilikuwa macho nikajifanya nimelala ili anivue tena. Chumba chetu kina kitanda, kabati lisilofunga vizuri, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na sisi wawili. Kwangu ni kasri.

Sasa nikupe siri yetu. Unajua mume wangu aliacha pombe kabla ya kunioa, kwa sababu kila asubuhi getini humpulizisha kile kifaa cha kupima pumzi, na mwendesha winchi akinuka pombe hana kazi. Aliacha bila kunung'unika. Ila kuna kitu hakijamtoka, nacho si ulevi, ni ladha. Aliwahi kuonja bia yenye hopsi nyingi, yale maua makavu ya kuipa bia uchungu na harufu, bia chungu inayonukia maganda ya chungwa, na tangu hapo huizungumzia kama mtu anayezungumzia shule yake ya zamani. Rafiki yake mmoja, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha vinywaji, amemwambia bia ya namna hiyo inaweza kupikwa nyumbani ikabaki na kilevi kidogo mno, cha kutomsumbua hata mende.

Siri ya kazi ni joto, dada. Kimea unatia kidogo. Maji ukiyaacha na joto la wastani, sukari yote hamira inaila inaigeuza pombe. Ukiyapandisha joto zaidi, inatoka sukari nyingine ambayo hamira haina meno ya kuitafuna. Inabaki kwenye bia, inaipa unene, na ulevi haupatikani. Hopsi yenyewe imesagwa na kushindiliwa, ukiiona utadhani ni chakula cha kuku.

Jumamosi mama mkwe hushinda kwa wifi yangu, basi jiko huwa letu. Jumamosi iliyopita tulipika. Nilikoroga, yeye akashika kipimajoto kama daktari, jasho likamtoka puani, nikampangusa kwa upindo wa gauni langu. Kisha tukaimimina kwenye ndoo yenye mfuniko, tukaingiza mrija kwenye chupa ya maji, tukaiweka chumbani upande wangu wa kitanda. Inapumua, dada. Usiku inafanya bwi, bwi, nasi tunashikana mikono kuisikiliza.

Mama mkwe hajui. Marehemu baba mkwe alikunywa mpaka akainywa nyumba yao ya kwanza, ndiyo maana humu ndani hata siki inahamishiwa kwenye chupa ya plastiki. Tutamwambia ikiwa tayari.

Nakubusu mashavu yote mawili.

Mdogo wako,
Chiriku

20 Februari

Chiriku,

Barua yako imefika ikinuka samaki, kwa kuwa dereva wa lori aliiweka pamoja na makasha ya samaki. Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu, greda limevunjika meno mawili, na mimi napika kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea humo. Wafanyakazi wanasema wali wangu hauna chumvi, kisha wanarudi kuongeza.

Nafurahi kwamba umefurahi. Kuhusu kuvuliwa viatu, subiri mwaka wa pili.

Nimekusoma mara mbili nikitafuta sehemu moja sikuiona. Umeniambia bia inavyopumua, umeniambia jasho la mumeo linatokea wapi. Cherehani yako je? Mlipokuwa mnaondoka nyumbani baada ya arusi ulikuwa unaimba njia nzima kwamba karakana ya makochi imekuchukua, na fundi mkuu ni mkali lakini anafundisha. Sijaona hata sofa moja kwenye barua hii.

Na jambo jingine. Mwambie mama mkwe kabla hajajionea. Mimi sijui bia, najua majiko. Kitu kinachochacha hakikai chumbani mwa watu bila kujitangaza. Mwanamke aliyeishi na mlevi, pua yake si pua ya mchezo.

Dada yako wa masufuria

15 Machi

Dada yangu kipenzi,

Salamu tele. Natumaini meno ya greda yamepona. Sisi tunaendelea, mama mkwe magoti yamepata nafuu, na ni kwa sababu nitakayokueleza, nawe uahidi hutanikasirikia mpaka ufike mwisho.

Kwanza mazuri. Ndoo ya kwanza iliharibika. Tulitia hopsi nyingi tangu maji yanachemka, ikatoka chungu kama shubiri. Yule mstaafu akatucheka, akasema bia nyepesi haina mgongo wa kubeba uchungu mwingi, hopsi itiwe moto ukishazimwa ili itoe harufu tu. Ndoo ya pili tukafanya hivyo. Dada, mume wangu alipoonja kijiko cha kwanza alifumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na maji. Akaniambia, "Mke wangu, umenirudishia kitu bila kuniondolea kitu." Mwanamke akiambiwa hivyo afanyeje? Nilisema tupike ya tatu.

Sasa chumba chetu kina joto, na hamira ikipata joto kali inatoa ladha ya gundi. Kwa hiyo ndoo inavishwa kitambaa kibichi, feni inaelekezwa pale, na kitambaa kikikauka kinaloweshwa tena. Wa kukilowesha ni mimi. Mwanzo nilikuwa naomba ruhusa kazini nusu siku, baadaye siku nzima. Dirisha tunalifunga harufu isitoke, pazia tunalishusha mwanga usiingie, kwa sababu jua huiharibu hopsi. Nakaa humo kitandani na ndoo yangu, nasubiri mume wangu arudi. Nilidhani ni raha.

Ikawa machicha yakituama chini na povu likijaa kwenye mfuniko, mume wangu huyachota kwenye beseni, analifunika kwa taulo, anakwenda kulimwaga na kuliosha bombani uani. Mama mkwe alikuwa anaona. Aliona dirisha halifunguliwi. Aliona bibi arusi hatoki, kazini haendi. Alichungulia mlangoni akaona ndoo kando ya kitanda. Na aliona mwanawe, ambaye tangu azaliwe hajaosha hata kijiko chake, anaosha beseni huku anapiga mluzi.

Jumatano alimngoja hapo hapo bombani. Mimi nilisikia kila neno kupitia ule ukuta wetu. Alimuuliza, "Mwezi wa ngapi?"

Mume wangu alikuwa ameshika beseni lenye machicha ya bia. Ungekuwa yeye ungesema nini? Alisema, "Bado changa, mama."

Mama mkwe alikaa chini kwenye sakafu ya bomba, na maji yote yale, akalia kwa furaha. Kisha akaja chumbani akanikumbatia, na mimi, dada, nilikumbatiwa. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Nilifungua mdomo, yeye akaniwekea kidole, akasema nisijichoshe.

Tulicheka sana usiku, nikizika uso wangu kwenye mto. Mume wangu anasema tukimaliza ndoo hii tutalitengeneza. Ila kesho yake mama mkwe alikwenda mwenyewe karakana, kwa magoti yale yale, akamwambia fundi mkuu kwamba mkwe wake hatakanyaga pedali ya cherehani mpaka ajifungue. Fundi mkuu alimpongeza, akamkalisha mtu mwingine kwenye mashine yangu.

Nakuomba usimwambie yeyote. Mume wangu ni mwema, alishtushwa tu. Ananipenda mno.

Chiriku wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata barua yako mwezi mzima sasa. Daraja la chini limekatika, lori linazunguka mbali, na unga wenyewe tunapimiana. Lakini habari yako imefika. Mama mkwe wako alipiga simu ofisini kwa msimamizi wa barabara, wakaniita nikaja na mwiko mkononi. Alikuwa analia na kucheka. Msimamizi alidhani kuna msiba.

Hongera. Namshukuru Mungu kwa ajili yako.

Najua kwa nini hukuniambia mwenyewe. Ulikuwa unaniogopea. Usiniogopee. Nilirudi jikoni nikapika kama kawaida, ingawa siku hiyo walisema chumvi imezidi.

Kwenye kifurushi hiki utakuta sweta mbili ndogo, kofia na soksi. Nilizifuma mwenyewe. Usiniulize lini, unajua lini. Nyeupe ni ya yule wa kwanza. Zimekaa sandukuni na karafuu ili nondo wasiingie, kwa hiyo zianike kwanza. Shemeji yako aliniona ninazifunga, akatoka nje kwenda kuliangalia greda, wakati greda limelala siku nyingi.

Msafiri mmoja anapita huko leo, ndiyo maana nimeharakisha. Kula vizuri. Usiinue ndoo.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Salamu. Mama mkwe hajambo, mume wangu hajambo. Kifurushi kimefika. Yule msafiri alimkabidhi mama mkwe, naye akakifungua mezani mbele yangu, akazitandika nguo moja moja, akazilainisha kwa kiganja. Kwa hiyo barua yangu ya mwezi wa tatu hukuipata. Ukiipata utajua. Nakuandikia tena hapa kwa maneno machache ili usingoje daraja: hakuna mtoto. Ni ile ndoo. Mama mkwe alidhani beseni ni la kutapikia, mume wangu akaitikia, mimi nikanyamaza.

Sasa uniambie ulivyoniita ulipoisoma sentensi hiyo. Nastahili.

Nimekaa na sweta nyeupe mapajani tangu asubuhi. Geti limefungwa kwa kufuli. Mama mkwe amelifunga kwa mapenzi, nisije nikateleza ngazini, na ufunguo uko kifuani kwake. Ananiletea supu, anakaa mpaka niimalize. Anashika tumbo langu, anasema bado dogo, wa familia hii huanza taratibu. Ndoo anataka kuniletea kubwa zaidi, eti hii itajaa. Dirisha nikilifungua anakuja kulifunga kwa sababu ya upepo. Zamani tulilifunga wenyewe.

Nikisema ukweli, bia inafichuka, na mume wangu anakuwa mtoto wa mlevi aliyeingiza pombe nyumbani kwa mama yake. Mama mkwe hataniamini kwamba haileweshi. Nikinyamaza, tumbo halikui. Nimezunguka humo kama nzi ndani ya chupa.

Jana nilimwambia mume wangu tufanye uamuzi. Alikuwa ametulia, amekwisha kulifikiria. Alinishika mikono yote miwili, dada, kwa ule upole wake uliofanya nimpende, akasema, "Tutasema imetoka. Mbona huwatokea wengi. Watakuhurumia, hakuna atakayeuliza."

Hajui. Sikuwahi kumsimulia mambo yako, niliona si yangu kuyasimulia. Yeye aliona anafungua mlango. Nilimtazama ule uso ninaoupenda, sina kingine cha kukuambia juu ya wakati huo isipokuwa kwamba nilitoa mikono yangu kwenye mikono yake, na alidhani nimechoka.

Sitasema imetoka. Mengine yote sijui.

Mdogo wako

29 Aprili

Chiriku,

Daraja limetengenezwa na barua zako mbili zimefika siku moja, kwenye gunia moja. Bahati nzuri au mbaya, nilianza na ile ya mwezi wa tatu. Ya beseni na mluzi. Nilicheka mpaka wasaidizi wangu wakaja kuangalia. Kisha nikafungua ya pili.

Kuhusu nguo sitaandika kitu.

Kuhusu mumeo, nimeanza sentensi tatu nikazikata. Hakujua. Nimeiandika hiyo ili niione kwa mwandiko wangu.

Ulilolikataa, usilikatae kwa ajili yangu. Mimi niko mbali, nina masufuria yangu. Likatae kwa sababu uongo huo ukiushika, utakuwa na tarehe, utaulizwa habari zake kila mwaka, na huyo mama atamwombolezea mjukuu ambaye hakuwepo. Hapo hutatoka hata geti likiachwa wazi.

Hivi nakuandikia ukiwa bado umekaa na kitu hicho mapajani? Simama.

Dada yako

23 Mei

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu, wewe na shemeji. Natumaini barabara inasonga. Barua yako ilinikuta nimekwisha kusimama, lakini niliisoma nimesimama vilevile, kwa heshima. Nguo nimezikunja kama ulivyozikunja, nimempa dereva wa lori, nimemwambia zisikae karibu na samaki.

Ilikuwa Jumamosi. Mama mkwe siku hizo hakuwa anakwenda kwa wifi, alikuwa ananilinda. Alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi mazuri, ya kumwomba radhi kwanza, ya kumsifu, ya kumweleza habari za joto la maji na hamira. Yote yalinitoka. Nilisema, "Mama, hakuna mtoto. Kilichomo chumbani ni bia."

Alimaliza kitunguu kile. Kisha akaweka kisu, akanawa, akaenda chumbani. Aliinama kwa yale magoti, akafungua mfuniko, akavuta harufu. Ilikuwa ndoo yetu ya nne, dada, na ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Harufu ya maganda ya chungwa ilijaa chumba kizima.

Akasema, "Kwa hiyo niliyekuwa namwombea kila alfajiri ni ndoo."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka, ingawa ninavyoiandika hapa naona wewe ungeweza.

Mume wangu akaingia kutoka yadi, buti mkononi. Alituona. Alinitazama mimi nimsemee, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumsemea. Aliweka buti chini, akaanza kueleza kwamba bia hii hailevyi mtu, kwamba getini wanampima kila siku na hawajakuta kitu. Ni kweli yote. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba yako naye alikuwa ananiambia hii hailevyi." Mume wangu akainama.

Mama mkwe alimwamuru aibebe ndoo mwenyewe mpaka uani na aimwage mwenyewe. Nilitoka nikaangalia. Povu lake lilikuwa jeupe, zuri, likaenda na mfereji. Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ni wewe: nililia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya bia.

Nilidhani atatufukuza. Hakutufukuza. Alifungua kufuli la geti, akaliacha linaning'inia, akamwambia mwanawe: "Habari hii niliitangaza kwa mdomo wangu kwa kuuamini mdomo wako. Utapita nyumba moja baada ya nyingine uitangue. Ukianza na dada yako." Mimi hakuniambia kitu, na mpaka leo hunisemesha yale ya lazima tu, maji yapo, chumvi imekwisha. Nimemwomba radhi mara nyingi. Juzi alinijibu kwamba amesikia. Nadhani ni mwanzo, sijui.

Usiku ule mume wangu aliniambia kwamba neno lile la kusema imetoka lilikuwa baya, nami nikamweleza kwa nini lilikuwa baya kuliko alivyodhani. Nilimsimulia yako, dada. Unisamehe. Hakulala. Bado nampenda, na usije ukaandika neno juu ya hilo. Alinitengenezea chai asubuhi, akasahau sukari, nikainywa.

Jumapili nilikwenda kwa fundi mkuu nyumbani kwake. Nilimwambia ukweli wote mlangoni, mke wake akasikia, akalazimika kuingia ndani akacheke. Fundi mkuu hakucheka. Alisema mashine yangu ina mtu na mtu huyo anashona vizuri kuliko mimi. Akanipa kazi ya kuvua vitambaa makochi makuukuu, kuchomoa misumari na kupiga vumbi. Ni kazi wanayoanza nayo wageni. Nilimwambia nitakuja Jumatatu.

Jumatatu asubuhi tulitoka pamoja, mimi na mume wangu. Kwa dada yake alikwisha kwenda Jumapili, na sasa alikuwa ameomba ruhusa kazini apitie zile nyumba nyingine. Alivaa shati la arusi yetu. Tulipofika njia panda akasimama, akaniambia, "Twende wote, mke wangu. Nikiwa na wewe nitaweza."

Dada, unanijua. Miezi mitatu iliyopita ningekwenda naye mpaka mwisho wa dunia, nikamshikia na beseni. Na moyo uliruka, sikufichi, uliruka umfuate. Nyumba ya kwanza ya majirani ilikuwa pale pale, mwanamke wa nyumba hiyo ameshika ufagio, anatungoja na tabasamu la hongera.

Kifungo cha juu cha shati la mume wangu kilikuwa wazi. Nikamfungia, nikamwambia nimechelewa kazini.

Alikwenda. Nilisikia akibisha hodi nyuma yangu, nikasikia yule mwanamke akianza kumpongeza, nikaendelea kutembea.

Nakuandikia kutoka karakana, nimekaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zinanichoma na pua imejaa vumbi. Kengele ya kumaliza mapumziko imelia. Kuna sofa ya watu watatu inaningoja, na nimepewa nyundo yangu mwenyewe.

Chiriku